Jinsi ya Kujiandaa kwa Tamasha la Jane Austen Mjini Bath

Kila ifikapo Septemba, mji wa Bath ulioko kusini-magharibi mwa Uingereza hupokea wapenzi wa riwaya za Jane Austen, mwandishi Mwingereza wa mwanzoni mwa karne ya 19, ambao kwa takriban siku 10 huvaa kama walivyovaa watu wa zama zake, hucheza dansi walizozicheza, husikiliza mihadhara na kupita katika mitaa ileile ambayo mwandishi huyo aliijua vizuri. Tamasha hili lilianza mwaka 2001. Mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza huwa na haraka ya kuuliza atavaa nini, na fedha zake nyingi huishia hapo. Mimi humshauri afuate mpangilio mwingine: asome kwanza, ajifunze dansi, kisha ndipo ashughulikie mavazi. Aliyesoma na anayejua kucheza atalifaidi tamasha hata akivaa gauni la kukodi, ilhali gauni la gharama kubwa halimsaidii mtu anayekaa kando usiku kucha akiwatazama wenzake wakicheza.

Riwaya zilizokamilika ni sita, na kama muda hautoshi kuzisoma zote, chagua Northanger Abbey na Persuasion. Zote mbili zilitoka pamoja Desemba 1817, miezi michache baada ya Austen kufariki mwezi Julai akiwa na umri wa miaka 41, na sehemu kubwa ya masimulizi yake inatokea Bath. Zisome ukiwa na ramani ya mji mkononi. Catherine Morland, msichana mkuu wa Northanger Abbey, anakaa Pulteney Street, na siku yeye na rafiki yake Isabella wanapowafuatilia vijana wawili waliowapita, magari ya farasi yanawazuia kuvuka Cheap Street. Anne Elliot, mhusika mkuu wa Persuasion, anajikinga mvua katika duka la Milsom Street, na baadaye anapatana na Kapteni Wentworth, mchumba wake wa zamani, wakiwa Union Street. Mitaa hiyo yote ipo mpaka leo. Ramani hufichua pia jambo ambalo Austen hakulazimika kuwaeleza wasomaji wa wakati wake: Sir Walter Elliot, baba yake Anne, mwenye madeni na majivuno, amepanga nyumba mlimani, Camden Place, panapoitwa leo Camden Crescent, wakati Bibi Smith, rafiki wa Anne aliye mjane maskini na mgonjwa, anaishi chini katika Westgate Buildings. Ukipanda mwenyewe kutoka kwa mjane hadi kwa Sir Walter, pumzi zikikuishia njiani, utaelewa kwa nini yule baba alishangaa kusikia binti yake ameshuka kwenda kumtembelea mtu wa huko.

Inafaa pia kujua kwamba Austen mwenyewe, aliyeishi Bath kuanzia 1801 hadi 1806, hakuupenda mji huo kama wanavyoupenda wageni wa tamasha. Katika barua aliyomwandikia dada yake Cassandra mwaka 1808 alikumbuka siku waliyoondoka kuwa ni siku ya furaha ya mtu aliyeponyoka. Baba yake alifia hapo Januari 1805, na familia ikabaki ikihamahama katika nyumba za kupanga. Msomaji anayelijua hilo huzisoma sifa za mji zilizomo katika Northanger Abbey kwa uangalifu zaidi, kwa maana huko anayesifu ni msichana wa miaka 17 aliyetoka kijijini.

Kuhusu tiketi na malazi maneno ni machache. Mji ni mdogo, vyumba hujaa mapema, na dansi kubwa za usiku ndizo hukosa nafasi kwanza. Kwa hiyo nunua tiketi ya dansi mara ratiba inapotangazwa, kisha tafuta chumba, na mihadhara iache iwe ya mwisho. Kutoka kituo cha London Paddington treni huchukua muda wa saa moja na nusu hivi hadi kituo cha Bath Spa, ambacho kiko katikati ya mji.

Sasa mavazi. Mavazi ya tamasha ni ya kipindi kinachoitwa Regency, ambacho kwa maana yake ya kiserikali kilianza mwaka 1811, Mfalme George III alipozidiwa na maradhi na mwanawe akashika madaraka kwa niaba yake, kikaisha mfalme alipofariki mwaka 1820. Jambo linalowaangusha wengi ni kuchanganya kipindi hiki na enzi ya Malkia Victoria iliyofuata. Sketi zilizotanuliwa kwa fremu ya pete na viuno vilivyobanwa hadi kuwa vyembamba ni vya miongo kadhaa baadaye, na mtu akitokea navyo Bath wajuzi watamtambua akiwa mbali. Gauni la zama za Austen lina mshono wa kiuno uliopanda hadi chini kidogo ya matiti, kisha kitambaa kinaanguka moja kwa moja hadi kwenye vifundo vya miguu. Kitambaa chenyewe ni melimeli au pamba nyingine nyepesi, mara nyingi nyeupe. Katika Northanger Abbey, Henry Tilney, kijana anayependwa na Catherine, anamwambia Bibi Allen, mama aliyemleta Catherine Bath, kwamba alimnunulia dada yake melimeli halisi ya India kwa shilingi 5 tu kwa yadi, kisha anapoulizwa kuhusu gauni la Catherine anasema ni zuri sana ila halitavumilia kufuliwa. Yuko sahihi: melimeli hufumuka nyuzi upesi, kwa hiyo ukimpelekea fundi mwambie akunje kingo zote za mishono kwa ndani. Mwambie pia asiweke zipu, kwa sababu haikuwepo. Gauni hufungwa kwa kamba nyembamba au vifungo mgongoni.

Linalolifanya gauni likae vizuri zaidi ni vile vilivyo chini yake. Anza na shimizi ya pamba, juu yake vazi la kuinua kifua linalokazwa kwa kamba, kisha gagulo, halafu ndipo gauni. Ukiruka hatua ya pili, mshono wa kiuno hushuka na umbo zima hupotea, hata kama gauni limeshonwa na fundi hodari. Ikibidi kubana matumizi, nunua vazi hilo la ndani lililo bora na ujishonee gauni rahisi la pamba. Kanuni moja itakusaidia kuchagua nyongeza: mchana funika, usiku acha wazi. Mchana kifua hufunikwa kwa kitambaa chepesi, na kofia yenye ukingo wa mbele hufungwa kwa utepe chini ya kidevu. Usiku kofia hiyo huvuliwa, shingo huonekana, mikono ya gauni huwa mifupi, na glavu hupanda hadi juu ya viwiko. Shali ni ya wakati wote, na simu hukaa ndani ya kipochi cha kitambaa kinachofungwa kwa kamba.

Mwanamume anahitaji koti lililokatwa fupi mbele na lenye mikia nyuma, kizibao, suruali fupi inayoishia chini ya goti pamoja na soksi ndefu, na kofia ndefu. Hata hivyo, uso wa vazi lake ni kitambaa cha shingoni. Chukua kitambaa cheupe cha pamba au kitani kilichotiwa wanga, kirefu cha kutosha kuzunguka shingo mara mbili. Inua kidevu, weka katikati ya kitambaa mbele ya koo, peleka ncha nyuma, zipishane, zirudishe mbele na uzifunge fundo dogo. Kisha shusha kidevu taratibu ili kitambaa kijikunje chenyewe. Ndivyo inavyosimuliwa kwamba alifanya Beau Brummell, mlimbwende aliyewafundisha wanaume wa London kwamba unadhifu unatokana na nguo safi na mshono mzuri, wala si mapambo.

Viatu vyepesi vya bapa vinafaa ukumbini tu. Bath ni mji wa miinuko na mawe, na mvua ya Septemba haipigi hodi, kwa hiyo barabarani vaa buti fupi za ngozi zenye kamba. Mwavuli hauvunji utaratibu wa kipindi: Kapteni Wentworth alinunua mpya mara tu alipofika Bath, akamwonyesha Anne kwamba amekwisha jiandaa kwa mji huo.

Dansi ndiyo itakayokupa furaha kubwa kuliko yote, nayo ndiyo wageni huipuuza. Aina iliyotawala ni ile ya safu mbili zinazotazamana, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili. Jozi yako hucheza na jozi jirani. Muziki ukimaliza mzunguko, nyinyi mmesogea nafasi moja na mnakutana na jozi nyingine, mkarudia hatua zilezile. Ukifika mwisho wa safu, simama mzunguko mmoja, badilishana upande na mwenzi wako, kisha rudi mkielekea mlikotoka. Tamasha huwa na mafunzo ya dansi kabla ya usiku wenyewe, na sioni sababu ya mtu yeyote kuyakosa. Kama ni mgeni kabisa, usisimame juu kabisa ya safu karibu na wanamuziki, bali katikati, ambapo pande zote una watu wa kuwaiga. Usitazame miguu yako. Mtazame mwenzi wako, kwa kuwa jicho lake litakuambia ni upande gani wa kugeukia kabla mguu haujakosea.

Katika riwaya, Tilney hawezi kucheza na Catherine mpaka msimamizi wa ukumbi amtambulishe kwake. Leo sharti hilo halipo. Yeyote humwomba yeyote, na wanawake hucheza wao kwa wao bila tatizo, kama walivyofanya hata zamani wanaume walipopungua. Adabu iliyobaki ni kutong'ang'ania mwenzi mmoja usiku mzima. Tilney huyohuyo anafananisha dansi na ndoa, akisema kwamba katika yote mawili mwanamume ana nafasi ya kuchagua na mwanamke ana uwezo wa kukataa tu. Nimeona sentensi hiyo inaeleweka vizuri zaidi baada ya kusimama pembeni mwa ukumbi ukisubiri kuombwa.

Msomaji mwenye asili ya Afrika asisite kuvaa na kuandamana katika matembezi makuu ya mavazi yanayofanyika mitaani. Watu weusi waliishi Uingereza wakati huo, na katika Sanditon, riwaya ambayo Austen aliiacha bila kuimaliza mwaka 1817, yumo Miss Lambe, msichana tajiri kutoka visiwa vya Karibi mwenye asili ya Afrika. Mansfield Park nayo ina mwenye shamba huko Antigua, na utajiri wa mashamba hayo ulitoka katika kazi ya watumwa. Ukiona mhadhara kuhusu suala hilo katika ratiba, uchague kabla ya ule wa mapambo ya kofia.

Ukibaki na siku moja ya ziada, iweke kwa ajili ya Chawton, katika jimbo la Hampshire, ilipo nyumba alimoishi Austen tangu 1809 na alimoandika Mansfield Park, Emma na Persuasion. Panda treni ya Alton kutoka London Waterloo. Kutoka kituo cha Alton hadi kijijini Chawton ni mwendo wa miguu usiozidi saa moja. Nenda asubuhi, kwa kuwa vyumba ni vidogo, na kile chenye meza yake ya kuandikia hujaa watu mapema.