Tambua tumbawe kwa kuta zake, si kwa rangi

Swali ninaloulizwa sana tukitoka majini ni hili: "Lile la mviringo, la kijani, linaitwaje?" Rangi haikupi jina. Kwa sehemu kubwa inatokana na vijimwani vidogo mno vinavyoishi ndani ya tumbawe, na maji yakizidi joto hutoka, likabaki jeupe. Umbo nalo hufuata mkondo na mwanga. Tazama vikombe vya chokaa wanamokaa polipu, yaani vinyama vidogo vinavyojenga tumbawe.

1. Nenda siku za maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo. Bamvua, yaani maji makubwa, huvuruga mchanga. Piga picha ya tumbawe zima, kisha ya karibu ukiwa na rula pembeni. Usiliguse.

2. Pima kikombe. Kikiwa kama milimita 1 hivi na jabali linaonekana laini, huenda ni Porites (hili na mengine yanayofuata ni majina ya jenasi, yaani kundi la spishi za karibu), jiwe lile lile waliochonga mihrabu za Kilwa walilipenda kwa ulaini wake. Vikombe vikiwa vikubwa, karibu sentimita 1, endelea.

3. Sasa kuta, na hapa usiwe na haraka. Vikombe viwili vikichangia ukuta mmoja, kama vyumba vya nyumba moja, una Favites au Goniastrea. Kila kikombe kikiwa na ukuta wake na kuna uchochoro katikati, fikiria Dipsastraea. Vikiungana kuwa mabonde marefu yanayopindapinda, ni Platygyra au jamaa yake. Kagua sehemu tatu au nne, hasa katikati, kwa sababu pembezoni vikombe hukua ovyo.

4. Chungulia ndani ya kikombe. Miale ya chokaa ikiinuka karibu na kitovu na kufanya taji safi, mara nyingi ni Goniastrea. Kwa wale wa uchochoro, angalia wanavyozaana: kikombe kinachogawanyika viwili huelekeza Dipsastraea, vichanga vinavyochipuka katikati ya wakubwa huelekeza Astrea au Plesiastrea.

5. Kitabu chako kikiwa cha kabla ya 2012, Dipsastraea utaikuta kwa jina la Favia. Tangu mwaka huo, Favia limebaki kwa matumbawe ya Atlantiki.

6. Kufika kwenye spishi kwa kawaida kunahitaji kipande kilichosafishwa kwa klorini hadi mfupa mtupu, na kukata kipande kunahitaji kibali. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Nikiwa na picha peke yake naandika "Dipsastraea sp." (yaani spishi haijatambuliwa), tarehe, kina na mahali, naishia hapo.