Kugeuza skani za TIFF kuwa JPEG bila kupoteza kurasa

Mama mmoja alitoka Tukuyu akaja dukani kwangu hapa Mwanjelwa na flashi yenye faili moja: karatasi 9 za mirathi, muhtasari wa kikao cha ukoo ukiwa juu, zote zimeskaniwa kwa TIFF, aina ya faili la picha. Faili lilizidi MB 230, na simu ya mwanawe aliyeko Dodoma iligoma kulifungua. Nikaligeuza kuwa JPEG, aina nyepesi ya faili la picha, nikatuma. Kabla basi lake halijaondoka akarudi mbio na mvua: "Mwanangu, kaka yako anasema kapata ukurasa mmoja. Nyingine ziko wapi?" Jioni nzima iliishia hapo.

Hatua ya 1. Nakili faili kutoka kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta. TIFF ya asili usiiguse tena.

Hatua ya 2. Weka ImageMagick, programu ya kugeuza picha kwa komandi. Ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Zile tovuti za kugeuza mafaili mimi sizitumii kwa karatasi za watu. Nyaraka ya mirathi ina majina, sahihi na mipaka ya shamba. Huwezi kuipakia kwa mtu usiyemjua, tena kwa bando lako mwenyewe.

Hatua ya 3. Hesabu kurasa kabla ya kugeuza chochote. Hapa ndipo nilipoangukia. TIFF moja inaweza kubeba kurasa nyingi, JPEG inabeba picha moja tu. Programu niliyotumia siku ile ilichukua ukurasa wa kwanza, ikaacha 8, na haikutoa onyo lolote. Fungua dirisha la komandi ndani ya folda yenye faili, uandike:

magick identify mirathi.tif

Kila ukurasa unapata mstari wake. Mistari 9, kurasa 9. Angalia na vipimo: A4 iliyoskaniwa kwa dpi 300 (vidoti 300 kwa kila inchi) inakuwa kama pikseli 2480 kwa 3508, na ikiwa ya rangi bila kubanwa, ukurasa mmoja unakula karibu MB 26. Ukiona mstari wenye vipimo vidogo sana, huenda ni kijipicha ambacho skana imekipachika, si ukurasa. Linganisha na karatasi zenyewe kama mwenyewe anazo mkononi. Na usidhani kubadili .tif kuwa .jpg kwenye jina la faili kumegeuza kitu. Ndani bado ni TIFF ileile.

Hatua ya 4. Geuza:

magick mirathi.tif -scene 1 -quality 80 mirathi-%02d.jpg

Hiyo %02d inatoa 01, 02, 03 hadi mwisho. Bila sifuri ya mbele, ukurasa wa 10 unaweza kupangwa kabla ya wa 2, na anayesoma atachanganyikiwa. Ukiandika komandi hii ndani ya faili la .bat (faili la komandi za Windows), weka alama ya asilimia mara mbili.

Ubora 80 ndio ninaoupenda kwa karatasi. Niliwahi kujaribu 30: maandishi yakazungukwa na ukungu wa vidoti, na muhuri wa bluu wa mtendaji wa kijiji ukavimba hadi tarehe haisomeki. Kwa 80, ukurasa wa kawaida kwangu haufiki MB 2. Ukitaka kubadili ubora, rudi kwenye TIFF. JPEG ikihifadhiwa upya juu ya JPEG inazidi kuchakaa.

Hatua ya 5. Anayepokea akitaka faili moja, tengeneza PDF moja kwa moja kutoka TIFF:

magick mirathi.tif -compress jpeg -quality 80 mirathi.pdf

Hatua ya 6. Fungua ukurasa wa mwisho kwenye simu, ukuze, usome muhuri. Yule mama nilimsomea tarehe kwa sauti, akaitikia, ndipo nikatuma zote 9.