Ukiitwa polisi kwa jambo ambalo hukulifanya: somo la mtunza stoo

Assalaam aleikum. Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Tangu mwenzetu mmoja wa Pongwe aitwe kituoni kwa mifuko ya simenti, simu yangu haipoi. Kila mtu anauliza, "Hivi wewe ulitokaje?" Naandika hapa mara moja, na maswali yenu nimeyajibu chini.

Kwa wasionijua: nilikuwa mtunza stoo wa duka la jumla hapa Tanga, upande wa Ngamiani. Hesabu ya sukari ikapungua mifuko 40, ile ya kilo 50. Mlinzi akasema aliniona stoo Jumatano jioni. Tajiri akaenda polisi, jalada likafunguliwa, jina langu likiwa la kwanza kutajwa. Kosa lenyewe kwa lugha ya kule linaitwa wizi wa mtumishi. Sikuwa nimechukua hata ya kijiko. Mimi si wakili, ni mtu aliyelikalia lile benchi. Ya kisheria niliyoyaweka humu nilifundishwa na wakili aliyenisaidia.

Nililojifunza kubwa ni hili: asiyefanya ndiye anayeongea sana. Mwizi kishajipanga, anajibu kwa kupima. Wewe unaingia na uchungu wako, unaapa, unakisia nani kachukua, unataja saa ambazo huna hakika nazo, na kalamu inakimbia tu. Kesho ukisema vingine, umekuwa mwongo.

Hatua ya 1: Ukiitwa, nenda. Ila uliza kwanza

Usikimbilie kwa mjomba Lushoto. Ukitoroka umemsaidia aliyekusingizia. Muulize aliyekupigia: yeye ni afande nani, kituo gani, namba ya RB (ile ya taarifa ilivyoandikishwa kituoni) ni ipi, na unaitwa kama shahidi au kama mtuhumiwa. Swali hili la mwisho msilidharau. Shahidi huandikwa maelezo ya kawaida, mtuhumiwa huandikwa maelezo ya onyo, na hayo ya onyo yanaweza kusomwa mahakamani dhidi yako. Kisha waambie watu wawili nyumbani unakwenda wapi. Mimi nilimwambia mke wangu na shemeji yangu mwenye pikipiki, na yule shemeji ndiye aliyekaa nje ya kituo kutwa nzima akila kachori.

Hatua ya 2: Andika kabla hujatoka nyumbani

Chukua daftari la mtoto, kaa chini, panga siku zako. Jumanne nilifanya nini, Jumatano nilikuwa wapi, nilionana na nani. Usipokuwa na hakika na saa, andika "sina hakika". Karatasi hiyo ni yako na wakili wako, usiende kumkabidhi mtu.

Jumatano ile inayosemwa nilikuwa Muheza kwenye maziko ya baba mkwe wa rafiki yangu. Nilikuwa na tiketi ya basi, na kwenye simu nilikuwa na ujumbe wa muamala wa rambirambi, shilingi 10,000, wenye tarehe na saa. Tiketi zile za mashine wino wake hufutika, ukiiacha kwenye pochi baada ya miezi mitatu unabaki na kikaratasi cheupe. Piga picha siku hiyo hiyo. Usifute ujumbe wowote kwenye simu, hata ule unaokutia aibu, maana ukifuta kimoja watauliza umefuta vingapi. Kama duka la jirani lina kamera, wahi kumwomba mwenyewe akutunzie picha, kwa sababu mashine zile zikijaa hurekodi juu ya zilizotangulia.

Na jambo la kwamba hukuwepo litaje mapema. Kesi ikifika mahakamani, utetezi wa "nilikuwa kwingine" unatakiwa utolewe taarifa kabla. Ukiuchomoa mwishoni kabisa, hakimu anaweza kuuona ni wa kutunga.

Hatua ya 3: Chumba cha maelezo

Hapa nitakaa sana, maana hapa ndipo watu wanapojimaliza.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inakupa mambo yafuatayo. Uambiwe unatuhumiwa kwa kosa gani. Upewe onyo kwamba hulazimiki kujibu swali, na ukijibu, utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Uruhusiwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kukuhoji ni saa 4 tangu uwekwe chini ya ulinzi, na ukiongezwa usizidi saa 8 nyingine. Muda wa kukusafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi. Kwa hiyo kumbuka saa uliyokamatwa na saa maelezo yalipoanza kuandikwa. Mahakama ya Rufani imeshayatupa nje maelezo mengi ya onyo kwa sababu ya saa tu.

Kukaa kimya ni haki, si jeuri. Toa jina lako na unakoishi, halafu sema kwa adabu: "Afande, naomba niongee na ndugu yangu atafute wakili, kisha nitatoa maelezo." Usipaze sauti. Akikwambia "kama huna kosa unaogopa nini", rudia sentensi ile ile.

Ukiamua kujibu, jibu ulichoulizwa. Ukiulizwa "funguo alikuwa nazo nani?" na unajua zilikuwa mbili, sema zilikuwa mbili, nani na nani, ishia hapo. Usianze "mimi namhisi fulani". Hisia zako si ushahidi, na ukikosea umemsingizia mwenzio kama ulivyosingiziwa.

Sasa sikilizeni la kusaini. Afande aliyenihoji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiandika kwa mkono, haraka, feni inamlia kichwani na karatasi kazibana kwa kiwiko zisiruke. Alipomaliza akanigeuzia nisaini. Nikasema, "Samahani afande, nisome kwanza." Mstari wa saba nikakuta: "Jumanne nilitoa mifuko 12 ya sukari stoo." Ni kweli nilisema hivyo, neno kwa neno. Kwetu sisi kutoa ndiyo kazi yenyewe: unapokea, unatoa, unaandika. Lakini mtu wa mahakamani akikuta "nilitoa mifuko 12 stoo" kwenye jalada la wizi, anaona mtu kabeba sukari begani usiku.

Nikamwomba tuongeze. Akaguna: "Si ndivyo ulivyosema?" Ndivyo, afande, ila haijakamilika. Akaandika juu ya mstari: "kwa oda ya duka iliyosainiwa na msimamizi, ikapakiwa mchana kwenye guta." Nikatia saini ndogo pembeni ya masahihisho. Mwishoni nikaomba aongeze sentensi moja zaidi: "Naomba daftari la mapokezi lilinganishwe na karatasi za wasambazaji." Hiyo sentensi ikumbukeni.

Kusoma, kusahihisha na kuongeza ni haki yako kabla ya saini. Kama husomi vizuri, usomewe. Usisaini karatasi tupu wala yenye nafasi wazi katikati. Na ukipigwa au kutishwa, mwambie wakili, na ukifikishwa mahakamani mwambie hakimu siku ile ile ya kwanza.

Hatua ya 4: Upekuzi

Waombe kwa upole hati ya upekuzi na vitambulisho, na awepo shahidi huru. Huku kwetu anayeitwa aje ashuhudie ni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Upekuzi wa dharura bila hati upo kisheria, usipigane nao mlangoni. Muhimu zaidi ni karatasi ya vitu vilivyochukuliwa: hesabu kitu kimoja kimoja, saini mkiwa mmekubaliana, na upewe stakabadhi. Kwangu walichukua simu na madaftari mawili. Mjumbe wetu, mzee wa watu, alitaka kusaini bila miwani, nikamtuma mtoto akailete.

Hatua ya 5: Dhamana

Haina malipo. Anayekudai hela ya dhamana anadai rushwa, na namba ya TAKUKURU ni 113, haikatwi salio. Mdhamini aje na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Kama hujapewa dhamana, sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema inavyowezekana. Yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Wizi wa mtumishi una dhamana.

Hatua ya 6: Kuripoti, na kufunga mdomo

Ukipangiwa kuripoti Jumatatu, ripoti Jumatatu, hata kama mpelelezi hayupo. Andika tarehe, saa na uliyemkuta kaunta. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, makosa mengi hayapelekwi mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, isipokuwa yale makubwa. Ndiyo maana unaweza kuripoti miezi na miezi bila kumwona hakimu. Mimi niliripoti miezi saba. Inachosha kuliko selo, wallahi.

Wakati huo usimfuate aliyekushtaki, usimtumie mtu, usiweke mafumbo kwenye "status". Tanga yetu hii ukisema neno barabara ya nne, linafika ya ishirini kabla yako, tena limeshaongezwa chumvi.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Makorora: *Kaka, wazee wametukalisha, wanasema mume wangu alipe nusu yaishe. Hajachukua kitu. Tulipe?*

Dada yangu, wazee wana nia njema, lakini karatasi ya "nakubali kulipa kwa mafungu" ni kukiri kosa kwa mwandiko wako mwenyewe. Asisaini chochote bila wakili kukiona. Suluhu ina nafasi yake kwenye ugomvi mdogo wa watu wawili. Wizi ukishafunguliwa jalada si mali ya wazee tena, hata mlalamikaji akisamehe, uamuzi uko kwa waendesha mashtaka wa serikali.

Kijana wa Duga: *Mimi nimetajwa na mganga. Tajiri kaenda kwake, kaambiwa mwizi ni mrefu mweusi ana kovu. Polisi watanikamata?*

Mdogo wangu, warefu weusi wenye kovu Tanga nzima ni wangapi? Neno la mganga si ushahidi, na maelezo yako yajibu mambo yanayoonekana tu: funguo, zamu, madaftari. Na mtu akivuka kutoka wizi akaanza kukuita mchawi, hilo ni kosa lake yeye, chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18.

Kuli mstaafu: *Sina hela ya wakili hata ya nauli yake.*

Shikamoo mzee. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaofanya bure. Mzee aanzie kwa mtendaji wa kata au afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, awaulize waliosajiliwa ni nani. Aende na namba ya RB, bila hiyo wanashindwa pa kuanzia.

Mwanachama wa Muheza: *Kesi yangu hakimu alisema "umeachiwa", nikatoka nafurahi. Wiki ya pili nimekamatwa tena kwa kosa lile lile. Wanaruhusiwa?*

Inategemea umeachiwa vipi. Upande wa mashtaka ukiondoa shtaka kabla hujajitetea, kwa kawaida umeachiliwa tu, na wanaweza kulirudisha. Kuachiwa huru, baada ya kukutwa huna hatia, ni kitu kingine. Kaombe nakala ya uamuzi usome neno lililoandikwa.

Mtunza stoo wa Sahare: *Tajiri kanifukuza huku upelelezi unaendelea. Nisubiri polisi wamalize?*

Usisubiri! Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Jalada la polisi halisimamishi hesabu ya siku hizo. Mimi nilijua nikiwa nimeshachelewa.

Huyo huyo: *Na aliyenisingizia namfanyaje?*

Kutoa taarifa polisi huku ukijua ni ya uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kudai fidia kwa kushtakiwa kwa nia mbaya nako kupo, lakini uthibitishe kwamba kesi ilifika mahakamani ikaisha kwa upande wako, kwamba hakukuwa na sababu ya msingi, na kwamba alikuwa na nia mbaya. Aliyekosea hesabu si sawa na aliyekusudia. Yangu haikufika mahakamani, wakili akaniambia nisipoteze nauli.

Dada wa Makorora tena: *Sukari ilikwenda wapi lakini?*

Haikwenda popote. Ile sentensi niliyoomba iongezwe, mpelelezi wa pili aliyepokea jalada aliisoma. Akalinganisha daftari la mapokezi na karatasi za msambazaji, akakuta gari moja limeingizwa mara mbili, asubuhi kwa mwandiko wangu na jioni kwa mwandiko wa kijana wa dukani. Mifuko 40 iliyopotea ilikuwa ya wino. Mlinzi naye akasema labda alichanganya siku.

Tajiri alinitumia mtu nirudi kazini. Nilikwenda, nikamwamkia, nikachukua mshahara wa mwezi ule na koti langu la mvua, lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango wa stoo.