SOMO: Kuchukua sampuli ya udongo kihambani (shamba la nyumbani)

Wakuu, masika yakikaribia naulizwa swali lile lile: "Niweke mbolea gani?" Sipigi ramli mimi. Pima udongo kwanza. Maabara nayo hupima ulichokileta tu, na ile nusu kilo yako inabeba jina la mamia ya tani za udongo zilizo kwenye ekari moja.

Hatua ya 1. Gawa eneo. Kihamba cha kahawa na migomba ni sampuli yake, shamba la mahindi kule tambarare ni nyingine.

Hatua ya 2. Tafuta sepeto safi na ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati ina zinki, itakuharibia majibu. Mfuko uliobeba urea usiuguse.

Hatua ya 3, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Tembea kwa kupindapinda, upate vituo 15 hadi 20. Ondoa majani makavu, chimba sentimita 20 kwa mahindi, 30 kwa kahawa, kisha kata ukuta wa shimo kipande chenye unene ule ule toka juu hadi chini. Usichote wa juu tu. Ruka njia, jivu la jikoni na lundo la samadi. Mwaka wangu wa kwanza nilichota nyuma ya banda la ng'ombe, majibu yakaja potasiamu tele. Nikatamba, sikuweka kitu. Kahawa ya upande wa pili ikaungua kingo za majani kwa kukosa potasiamu.

Hatua ya 4. Changanya vizuri, tandaza, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana. Rudia mpaka ibaki nusu kilo.

Hatua ya 5. Anika kivulini. Andika zao, kina, kijiji na mbolea uliyotumia mwisho. Wa kahawa, TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) wapo Lyamungu.

MASWALI

Mama wa Kibosho: Shikamoo mwalimu. Nimemwaga samadi wiki jana, nichukue tu?
— Marahaba mama. Hapana, subiri miezi miwili au mitatu.

Kijana wa Machame: Nimepata pH (kipimo cha tindikali) 4.8 na fosforasi chini, wakati DAP, mbolea ya fosforasi, naweka kila mwaka!
— Mdogo wangu, udongo wetu wa volkano unaikamata fosforasi, mizizi inaiona lakini haiipati. Ukiwa na tindikali ndiyo kabisa, na DAP yenyewe huongeza tindikali. Kumbuka pH 5 ina tindikali mara 10 ya pH 6. Anza na chokaa, changanya na samadi. Fosfeti ya Minjingu, mbolea ya mwamba wa fosforasi, nayo huyeyuka vizuri kwenye udongo wa namna hiyo.

Mkulima wa Tengeru: Udongo wangu mweusi tii. Nao nipime?
— Weusi unakuonyesha mboji. Fosforasi haina rangi. Pima.

Kijana wa Machame: Ndoo iliyokuwa na rangi ya mafuta je, nimeisugua?
— Kaazime kwa jirani.