Paneli mpya ya swichi kwenye boti: kabla hujainunua, pima waya wa kurudi

Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, inapokea vizuri, ukibonyeza uongee inazima na kuwaka upya. Pampu ya ngama, inayotoa maji yanayotuama chini kabisa ya boti, inazunguka kivivu. Taa za njia zinafifia kila pampu ikianza kazi. Mwenye boti akiona hayo, kitu cha kwanza anachokimbilia dukani ni paneli mpya ya swichi, maana ndiyo inayoonekana. Boti niliyoimaliza juzi Kunduchi, faiba ya uvuvi ya mita 8 hivi, ilikuwa imeshawekewa paneli mpya kabla sijaitwa, na redio ilikuwa inazima vilevile. Ubovu ulikuwa kwenye waya wa kurudi, yaani ule wa hasi.

Nazungumzia umeme wa betri, volti 12. Kama boti ina inveta au inachomekwa umeme wa nchi kavu, upande huo mwachie fundi mwenye leseni.

Hatua ya 1: Toa betri, ruhusu hewa

Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Shusha tangi la petroli kama linashuka, inua mifuniko yote, acha upepo upite. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatuama ngamani usikouona, na cheche ndogo ya bisibisi inatosha kuuwasha.

Hatua ya 2: Chora ulichonacho

Karatasi na kalamu. Kila kifaa, ampea zake, na umbali wake toka kwenye paneli. Ampea zimeandikwa kwenye kibandiko cha kifaa. Kama zimeandikwa wati, gawanya kwa 12. Redio ya wati 25 ihesabie ampea 6 wakati wa kuongea, hata kama ikisikiliza tu inakula chini ya 1.

Hatua ya 3: Chagua waya

Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene usiupandishe kwenye boti. Mashine inatetemesha, uzi unachoka, unakatika ndani ya ganda lake huku nje unaonekana mzima. Tafuta waya wa nyuzi nyingi, tena wa shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu ikikutana na chumvi inageuka nyeusi, na unyevu unapanda ndani ya ganda kama mafuta kwenye utambi. Ukiukosa huo, waya wa gari wenye nyuzi laini utakusogeza, mradi kila ncha uizibe kabisa.

Unene unaupata kwa hesabu hii: ampea, mara mita za kwenda *na kurudi*, mara 0.0175, gawanya kwa milimita mraba za waya. Jibu ni volti zinazopotea njiani. Pampu ya ampea 5 iliyo mita 6 toka kwenye betri ina waya wa mita 12. Kwa waya wa 1.5 unapoteza volti 0.7. Kwa 2.5 unapoteza 0.42. Kwa 4 unapoteza 0.26. Kwa pampu, redio na taa za njia, upotevu usizidi asilimia 3, yaani volti 0.36, kwa hiyo hapo ni waya wa 4. Muuza duka atakwambia 1.5 unatosha. Unatosha kwa yeye kuuza.

Hatua ya 4: Fyuzi ya betri

Iweke kwenye chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Kanuni ya ABYC, baraza la viwango vya boti la Marekani, inasema ndani ya sentimita 18. Inalinda waya, si kifaa, kwa hiyo ukubwa wake unafuata waya. Kwa waya wa 6 unaolisha paneli mimi naweka fyuzi ya ampea 30.

Hatua ya 5: Viungo

Hapa sina subira na mtu. Kusokota waya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi ni kujitafutia kazi ya mwakani. Solda peke yake nayo siikubali kwenye boti: inafanya nyuzi ziwe ngumu pale inapoishia, na mtetemo unazikata hapohapo. Bana kwa koleo maalumu lenye meno ya kujifunga, lile lisiloachia mpaka limebana sawasawa, kisha vuta kiungo kwa nguvu. Kikitoka, hakikuwa kiungo. Juu yake vika mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Koleo zuri lina bei, lakini heri ununue koleo zuri na paneli ya bei rahisi kuliko kinyume chake.

Hatua ya 6: Waya wa kurudi

Umeme unaokwenda lazima urudi. Watu wanatunza upande wa chanya kwa sababu ndio wenye swichi na fyuzi, halafu hasi zote wanazikusanya kwenye skrubu moja yenye kutu nyuma ya kiti. Boti ya Kunduchi ugonjwa wake ulikuwa hapo: kiungo kimoja cha hasi chini ya sakafu, kimefungwa tepu, ndani kijani kitupu.

Ugonjwa huu unawapoteza mafundi kwa sababu kipimo cha kawaida kinadanganya. Ukipima volti huku kifaa kimezimwa, utaona 12.6 kila mahali. Mlio wa multimita (kile kipimo cha umeme cha mkononi) unaoashiria waya haujakatika nao usiuamini. Uzi mmoja uliobaki kati ya thelathini utaufanya ulie kwa furaha. Kiungo kibovu kinajitokeza pale tu mzigo unapopita.

Kwa kazi hii tu rudisha betri, baada ya kuhakikisha hakuna harufu ya petroli. Iwe imejaa, ikiwa imepumzika isome 12.6 au 12.7. Washa pampu, au inua kwa mkono boya lake, ile swichi inayoelea na kuiwasha maji yakipanda. Usiiache izunguke kavu muda mrefu. Weka multimita kwenye volti za betri, ncha nyeusi kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri. Nasema nguzo, siyo kibano kilichoivaa, maana mara nyingi ubovu uko kati ya hivyo viwili. Ncha nyekundu ipeleke kwenye hasi ya pampu. Waya wa multimita hautafika. Unganisha kipande kirefu cha waya wowote, hata mwembamba, kwa kuwa multimita haivuti umeme wa maana.

Ukisoma chini ya 0.2, njia ya kurudi ni nzima. Ukisoma volti 1 au zaidi, umempata mchawi wako. Sasa rudi nyuma na ncha nyekundu, kiungo baada ya kiungo kuelekea betri. Pale namba inapoanguka ghafla, ubovu uko kati ya sehemu mbili za mwisho ulizogusa. Tikisa waya ukiwa unapima. Namba ikirukaruka, ni hapo.

Kwa redio, mtu mmoja abonyeze kuongea (siyo kwenye chaneli 16, tafadhali, hiyo ni ya dharura na kuitana) na mwingine apime. Taa za LED hazifai kwa kipimo hiki, zinavuta kidogo mno. Chomoa taa, weka mahali pake balbu ya gari ya wati 55, inavuta ampea 4 na nusu hivi. Inaunguza, kwa hiyo isiguse faiba wala isikae karibu na mafuta.

Ukishajua palipooza, usikarabati. Ng'oa. Weka basibaa ya shaba (kipande chenye skrubu nyingi cha kukusanyia waya), juu, pakavu, kila kifaa kiwe na hasi yake inayofika hapo bila kiungo njiani, kisha waya mmoja mnene toka basibaa hadi betri, unene uleule wa chanya inayolisha paneli. Usitumie mwili wa mashine kama njia ya kurudi.

Hatua ya 7: Paneli

Kata tundu, funga, unganisha, kila swichi na fyuzi yake. Acha waya wa ziada nyuma ili paneli iweze kuvutwa nje. Andika jina kwenye kila waya, ncha zote mbili. Paneli zenye taa za bluu zinazomulika usiku zinampofusha nahodha; mimi taa hizo nazikata.

Hatua ya 8: Viwili visivyofuata paneli kibubusa

Pampu ya ngama yenye boya iunge moja kwa moja kwenye betri, ikiwa na fyuzi yake iliyoandikwa kwenye kibandiko, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikiwa imezimwa na wewe uko nyumbani umelala.

Taa za njia zipe swichi ya nafasi tatu. Juu: nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe inayoonekana pande zote, kwa boti ya mashine iliyo chini ya mita 12 inayotembea. Katikati: zima. Chini: nyeupe peke yake, umetia nanga.

Baada ya wiki ya kwanza baharini, kaza tena skrubu zote za basibaa na rudia kipimo cha hatua ya 6. Andika namba ulizopata ndani ya mfuniko wa paneli, ili fundi wa mwakani awe na cha kulinganishia.