Kumwongoza Mwanafunzi Anayetoka Sekondari Kuingia Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Kocha wa Masomo

Sekondari, siku ya mwanafunzi hupangwa na watu wengine. Kengele inamwingiza darasani, mwalimu wa darasa anajua kama hayupo, daftari linakaguliwa, na nyumbani kuna mtu wa kumuuliza kama amesoma. Akifika chuo, hayo yote yanaondoka kwa mpigo. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu ukumbini hajui nani amekuja, na insha iliyotangazwa wiki ya kwanza huenda isitajwe tena mpaka siku ya kukusanya. Kijana aliyezoea nafasi za juu anaanza kuyumba, na ndugu wanashangaa akili zimekwenda wapi. Akili zipo palepale. Ila kupanga muda, kukumbuka tarehe na kuomba msaada mapema ni kazi zilizokuwa zikifanywa kwa niaba yake, na sasa hazina mwenyewe. Kazi yako wewe kocha ni kuhakikisha kila moja inapata mwenyewe, na huyo mwenyewe awe mwanafunzi, si wewe.

Hapo ndipo kocha anapotofautiana na mwalimu wa tuisheni. Tuisheni inafundisha somo. Kocha anashughulika na namna mwanafunzi anavyojiendesha. Na inasaidia kweli. Utafiti wa Eric Bettinger na Rachel Baker, uliochapishwa mwaka 2014, uliangalia wanafunzi wa vyuo nchini Marekani waliopangiwa kocha kwa bahati nasibu. Waliopata kocha walibaki masomoni kwa wingi kuliko wenzao, na tofauti hiyo iliendelea kuonekana hata mwaka mmoja baada ya ukocha kumalizika. Kazi kubwa ilifanyika kwa simu, kwa hiyo usikate tamaa ikiwa wewe na mwanafunzi wako mko mbali.

Anza kabla chuo hakijafunguliwa

Wiki nane hadi kumi kabla ya kufungua chuo, kaa na mwanafunzi na mzazi au mlezi wake muandike kila jambo ambalo mtu mzima bado anamfanyia: kumwamsha, kumkumbusha dawa, kuweka miadi ya daktari, kujaza fomu, kufuatilia ada, kufua. Kisha mkabidhini jambo moja kila wiki. Msimkabidhi yote siku moja. Akishindwa kuamka kwa wiki nzima akiwa nyumbani, hasara ni ndogo na bado mnaweza kurekebisha. Akishindwa wiki ya kwanza chuoni, anakosa mihadhara ambayo ndiyo msingi wa muhula mzima. Mzazi anayempigia simu mwanawe kila asubuhi ili aamke anafanya hivyo kwa mapenzi, lakini kwa kweli anaahirisha tatizo. Mwambie hivyo kwa heshima, mapema.

Kipindi hiki kina hatari nyingine isiyoonekana. Benjamin Castleman na Lindsay Page wamechunguza wahitimu wa sekondari nchini Marekani waliokwisha kubaliwa vyuoni, wakakuta kuwa takriban asilimia 10 hadi 20 hawafiki kabisa. Kinachowakwamisha mara nyingi ni fomu, malipo na tarehe za mwisho, katika miezi ambayo shule imeshawaaga na chuo bado hakijawapokea, kwa hiyo hawana wa kumuuliza. Tengenezeni ukurasa mmoja wenye safu nne: jambo linalotakiwa, tarehe ya mwisho, ofisi ya kuuliza, limefikia wapi. Upitieni kila wiki. Ukituma ujumbe wa kukumbusha, taja tendo moja na tarehe moja: “Fomu ya hosteli inafungwa Ijumaa. Umeshaituma?” Ujumbe wenye mambo matano husomwa ukaachwa.

Ikiwa mwanafunzi ana ulemavu, ugonjwa wa kudumu au tatizo la kujifunza lililothibitishwa, hili lisisubiri. Sekondari, mara nyingi watu wazima ndio waliomuombea muda wa ziada au kiti cha mbele. Chuo kikuu kwa kawaida hakimtafuti. Yeye ndiye anayejitambulisha kwenye ofisi husika, akiwa na nyaraka, na msaada huanza baada ya kuidhinishwa. Kwa kawaida mtihani uliokwisha fanyika haurudiwi kwa sababu hiyo. Nyaraka zikusanywe kabla ya kufungua.

Makubaliano

Kikao cha kwanza kichukue saa nzima, na kiishe kwa maandishi. Vikao vinavyofuata ni vya dakika 30 hadi 45, mara moja kwa wiki, siku ileile na saa ileile, pamoja na ujumbe mmoja mfupi katikati ya wiki. Andikeni pia mtafanyaje asipotokea. Usiri ndio unaovunja kazi hii kuliko kitu kingine chochote: mwanafunzi akigundua unampelekea mama yake kila neno, ataanza kukueleza yale tu anayotaka mama asikie. Kubalianeni watatu, mkiwa mmekaa pamoja, kwamba mzazi ataambiwa kama vikao vinafanyika, na mengine atayapata kwa mwanawe. Isipokuwa pale uhai wake au wa mtu mwingine ukiwa hatarini. Hapo hakuna siri, na alijue hilo tangu mwanzo.

Kikao cha wiki ya kwanza

Mwambie aje na muhtasari wa kila kozi, kalamu, na karatasi kubwa yenye wiki zote za muhula. Kalamu aishike yeye. Ahamishe kila jaribio, insha, ripoti ya maabara na mtihani kwenye karatasi hiyo moja, pamoja na asilimia ya alama zake. Akimaliza, azungushie duara wiki zenye kazi mbili au zaidi. Hapo ndipo macho yanapofunguka: kila muhtasari ukiusoma peke yake unaonekana mwepesi, lakini ukiunganisha yote unakuta wiki ya 6 ina insha, jaribio na ripoti ndani ya siku nne.

Kisha fanyeni hesabu ya wiki. Kanuni inayotumiwa na vyuo vingi ni saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasani. Mwenye vipindi vya saa 15 ana saa 30 za kujisomea, jumla 45. Wiki ina saa 168. Ondoa 56 za usingizi, ondoa 45 za masomo, ondoa kama 21 za kula, kuoga na kutembea. Zinabaki 46, ambazo ni nyingi. Shida ni kwamba zile 30 hazijaandikwa popote kwenye ratiba ya chuo. Mwanafunzi anaiona Jumatano yake tupu anadhani ni mapumziko. Azipange kwenye ratiba kama vipindi, zikiwa na mahali na kozi. Saa zilizo kati ya mihadhara miwili ndizo zinazopotea kirahisi, na mchana kichwa kwa kawaida bado kina nguvu. Mwambie aanze na hizo.

Chukueni kazi moja muivunje pamoja. Tuseme ni insha ya maneno 2,000 ya kukusanya Ijumaa ya wiki ya 6. Rudini nyuma: Alhamisi kuipakia kwenye mfumo wa chuo, Jumanne kuisahihisha, wiki ya 5 kuandika rasimu kwa siku nne, maneno 500 kila siku, wiki ya 4 mpangilio wa hoja, wiki ya 3 kutafuta na kusoma vyanzo. Hatua ya kwanza kabisa iwe ya chini ya nusu saa, na ifanyike wiki hii: kusoma swali, kupigia mstari vitenzi vyake (“linganisha” si “eleza”), na kuandika maswali mawili ya kumuuliza mhadhiri. Muulize kila hatua itachukua muda gani, kisha ongezeni nusu ya muda huo. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 jinsi binadamu tunavyokadiria kazi zetu kwa matumaini kupita kiasi, hata tukiwa tumewahi kuchelewa kwenye kazi za aina hiyohiyo. Aandike makadirio, na akimaliza aandike muda halisi. Baada ya kazi tatu nne ataanza kujikadiria vizuri bila wewe.

Kabla ya kuagana, geuzeni nia kuwa mahali na saa. “Wiki hii nitasoma zaidi” haina pa kuanzia. “Jumanne nikitoka mhadhara wa saa nne, nitakwenda maktaba na kufungua sura ya 3” inayo. Halafu uliza: na ukikuta maktaba imejaa? Jibu lake nalo liandikwe.

Namna ya kusoma

Mbinu iliyompitisha sekondari mara nyingi ni kusoma daftari tena na tena. Inampa hisia ya kujua, kwa sababu maneno yameshazoeleka machoni. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki, waliojipima kwa kujaribu kukumbuka bila kutazama maandishi ndio waliokumbuka zaidi. Na mtihani wa chuo huja baada ya wiki nyingi.

Mfundishe hivi, mkiwa pamoja kwa mara ya kwanza. Afunge daftari. Kwenye karatasi nyeupe aandike kwa dakika 10 kila anachokumbuka kutoka mhadhara wa jana. Afungue, na kwa kalamu ya rangi nyingine ajaze yaliyosahaulika na kusahihisha yaliyokosewa. Arudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu au nne, kisha baada ya wiki, akianza na yale ya rangi ya pili. Ataichukia mwanzoni, maana inaonyesha wazi asichokijua. Mwambie mapema kwamba ugumu huo ndio unaofanya kazi.

Kumwendea mhadhiri

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hudhani saa za mhadhiri za kuonana na wanafunzi ni za waliofeli. Aende mara moja ndani ya wiki tatu za mwanzo, kabla hajakwama. Aandike ujumbe mwenyewe, wewe usome tu. Ujumbe mzuri unafanana na huu:

“Habari za asubuhi, Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika kozi yako ya takwimu, kundi la Jumanne. Nimefanya maswali ya 1 hadi 6 ya zoezi la pili, ila nimekwama swali la 4 kwenye kuchagua fomula. Naomba kuja Alhamisi saa nane mchana, nikiwa na kazi niliyoifanya. Asante.”

Una kozi, una sehemu aliyokwama, una ushahidi kwamba amejaribu. “Sielewi chochote” humwacha mhadhiri bila pa kushika.

Wiki ya 3 hadi ya 6

Matatizo mengi huanzia hapa. Anakosa mhadhara mmoja, anaona haya kwenda wa pili, kisha hafungui hata mfumo wa chuo kwa kuogopa atakachokuta. Kwako anasema “niko sawa”, au anaahirisha kikao. Usimuulize masomo yanaendaje. Fungueni mfumo pamoja mtazame mahudhurio, alama na kazi zilizokusanywa. Usikemee. Tafuteni tendo dogo kuliko yote linaloweza kukata mzunguko huo leo: kuandika sentensi mbili kwa mhadhiri, kuomba nakala ya mwenzake. Na mwe mnaijua tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila adhabu, kwa sababu ikishapita, uamuzi mzuri hauwezekani tena.

Alama mbaya ya kwanza ipitieni swali kwa swali, na kila kosa lipewe chanzo. Hakulisoma kabisa: tatizo ni ratiba. Alilisoma akalisahau: tatizo ni namna ya kusoma. Alijibu kisichoulizwa: afanye mazoezi ya kusoma maswali. Muda ulimwishia: ajipime kwa saa. “Nitaongeza bidii” ni jibu usilopaswa kulikubali, maana haligusi hata chanzo kimoja.

Haya yote yana mpaka. Akianza kukosa usingizi au kulala mchana kutwa kwa zaidi ya wiki mbili, kuacha kula, kujitenga na watu, mpeleke kwa mshauri nasaha au kituo cha afya cha chuo, ukiwa naye ikiwezekana. Akizungumzia kutotaka kuishi, msaada utafutwe saa hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Kupunguza vikao

Muhula wa pili, kikao kiendeshwe na yeye: aje na ajenda, aseme kilichofanyika na kilichokwama, wewe uulize tu. Akifanya hivyo vikao vinne mfululizo, na karatasi ya muhula akiwa ameitengeneza bila kuambiwa, nendeni kila wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Akikosa kukusanya kazi mbili ndani ya mwezi, rudini kila wiki kwa wiki tatu, kisha mpunguze tena.