Somo: Watu wanane, boti moja na fungu la mchanga ziwani

Leo nawaeleza namna ya kwenda kushinda kwenye fungu la mchanga la Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Wengi humu tumekulia pwani, basi nianze kwa kuwavunjia mazoea. Victoria haina bamvua wala maji mafu, yaani haijai na kupwa kama bahari. Mwaka wangu wa kwanza Entebbe nilimuuliza mvuvi mmoja pale Kigungu maji yanakupwa saa ngapi ili fungu litokeze. Akamgeukia mwenzake, wakacheka mpaka nami nikacheka. Fungu la Nakupenda kule Unguja huibuka na kuzama kila siku. Huku, fungu lililofunikwa leo asubuhi litakuwa limefunikwa na jioni. Kinachopandisha na kushusha ziwa ni mvua za misimu na maji yanayofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja. Mwaka 2020 ziwa lilijaa hadi fukwe za Entebbe zikamezwa, na mahali tulipozoea kusimama maji ya goti yakatufika kifuani. Kwa hiyo usiende kwa picha ya zamani. Muulize mtu anayetega nyavu pale wiki hii.

Kwanza, watu na boti. Sisi huwa wanane, kwenye boti yenye kibali cha kubeba kumi na wawili. Wa tisa akija na begi lake na tabasamu, anabaki. Nimeshagombana na shemeji yangu kwa hili. Jaketi la kuokolea linafungwa kabla boti haijasukumwa. Novemba 2018 boti ya starehe iliyojaza watu ilipinduka upande wa Mukono, si mbali na ufuko. Waliokufa walizidi 30, na wengi hawakuwa na jaketi mwilini. Nahodha mpe nusu ya pesa ya petroli asubuhi, nusu mkirudi.

Pili, saa. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, upepo ukatoka bara na mawingu ya radi yakakusanyika juu ya maji. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku na alfajiri. Mchana ardhi ikishika moto upepo hugeuka, ukatoka ziwani na mawimbi yake. Katikati pana utulivu, na huo ndio wenu: ondokeni saa tatu asubuhi, saa saba muwe mnang'oa nanga. Kusini kukiwa kweusi alfajiri, rudini mkalale.

Tatu, kuingia funguni. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Maji ya ziwa ni ya kijani, huoni chini kama baharini, kwa hiyo macho hayakusaidii. Chukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti na kupimia kina. Mkikaribia, nahodha apunguze mwendo, mmoja akae omo, yaani mbele ya boti, akipima. Pondo ikianza kugusa mapema, injini inyanyuliwe kabla pangaboi halijala mchanga, na mmalizie kwa kafi. Msiipandishe boti juu ya fungu. Iacheni inaelea kwenye maji ya mapaja, nanga imetupwa mbele kuelekea upepo, omo ikitazama mawimbi. Safari moja tuliiacha ubavu kwa upepo kwa sababu njaa ilikuwa imetushika. Upepo wa mchana ulipokuja, mawimbi yakaingia ndani, chapati zikaelea, na sisi wanane tukasukuma kwa nusu saa.

Halafu zungukeni fungu kwa pondo kabla mtoto hajashuka. Mara nyingi upande mmoja unateremka polepole na wa pili unakatika ghafla. Chomekeni vijiti pale mwisho.

Nne, chakula. Roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai) zilizofungwa vizuri, maji mengi, kofia. Mko karibu na ikweta, tena zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Jua la hapo halina huruma. Takataka mrudi nazo.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Jinja: Kaka, na kichocho je?*
Kipo, dada, na sikufichi. Konokono wake hupenda magugu na maji yaliyotulia kando ya ufuko, kwa hiyo fungu la wazi lenye mawimbi lina nafuu. Nafuu tu, kwani vijidudu huchukuliwa na maji. Kaeni mbali na matete, na wiki sita hadi nane baadaye mkapime. Dawa ipo, praziquantel, lakini mpimwe kwanza.

*Mzee wa Masaka: Kwa nini msije huku kwetu, Ziwa Nabugabo?*
Shikamoo mzee. Tutakuja, na nadhani unatuchokoza, kwa sababu Nabugabo yenyewe ilizaliwa na fungu. Ilikuwa ghuba ya Victoria, mchanga ukajikusanya mdomoni ukaifunga. Tukifika tutakanyaga fungu hilo bila boti.

*Mwanachama wa Ntinda: Viboko?*
Wapo, na mamba pia. Ndiyo maana tunamsikiliza mvuvi. Akisema ghuba fulani hapana, hatumuulizi mara mbili.

*Mgeni kutoka Kisumu: Askari wakitusimamisha?*
Mwaka 2017 jeshi lilianza kufanya doria ziwani kuzuia uvuvi haramu. Punguzeni mwendo, onyesheni jaketi na kibali, semeni Kiswahili. Wengi wao wanakijua vizuri. Mimi askari mmoja aliponiuliza tunavua nini, nilisema hatuvui, tumekuja kusimama tu majini. Akatukagua boti nzima, akainua sufuria, akauliza, "Mmetoka mbali hivi kuja kusimama?"